Abiria Akibonyeza, Basi Lijibu

Kwenye daladala, anayeshuka kituo anachokitaka ni mwenye koo. Konda akitaja kituo, "Sayansi kuna mtu?", abiria wa kiti cha nyuma anatakiwa ajibu "Yupo!" kwa sauti ya kuishinda redio, injini, na ugomvi wa chenji unaoendelea mlangoni. Akijibu kwa sauti ndogo, ni sawa na asiyejibu. Konda atagonga bodi mara mbili, "Twende, suka!", na kituo kimekwisha kupita. Hapo ndipo abiria ataanza kupaza sauti, watu watamgeukia, dereva atanung'unika, na konda atamuuliza kama alikuwa amelala. Atateremkia mbele na kurudi kwa miguu, jua la saa nane likimwakia utosini.

Wanaoumizwa na utaratibu huu ni walewale kila siku. Kuna mwanafunzi wa shule ya msingi ambaye nauli yake ni ndogo kuliko ya mtu mzima, na ambaye konda hakumtaka tangu alipotia mguu mlangoni. Kuna bibi aliyekaa dirishani na furushi lake, pumzi yake haimfikishi hata kiti cha pili. Kuna mwenye kigugumizi, ambaye neno "shusha" linamkwama hadi gari limevuka taa. Kuna kiziwi, ambaye hata swali la konda halikumfikia. Kuna mgeni wa jiji, ambaye anakijua kituo kwa macho lakini hajui wenyeji wanakiitaje. Na kuna mwanamke anayetoka kazini saa nne usiku. Huyu akitaja kituo chake kwa sauti, gari zima limejua anashukia wapi, pamoja na yule ambaye hakupaswa kujua.

Dawa yao wote ilikwisha kubuniwa zamani sana, nayo ni kengele ya abiria. Ninachokitaka nakisema mapema ili msomaji asisumbuke kukitafuta: kila basi la mjini linalopewa leseni ya kubeba watu, liwe la Dar es Salaam, Nairobi, Mombasa au Mwanza, liwe na kengele inayofikiwa na aliyekaa na aliyesimama. Ikibonyezwa ilie, isikike kwa dereva, na isikike pia kwa aliyeibonyeza. Wapo watakaoliona jambo hili dogo mbele ya ajali, foleni na nauli. Mimi naliona kubwa. Aliyepanda basi amemkabidhi mtu asiyemjua mwili wake, na baada ya mlango kufungwa hana tena uamuzi wowote isipokuwa huu mmoja wa kusema kwamba hapa nimefika.

Kengele ya basi haikuanza kama haki ya abiria. Ilikuwa chombo cha kazi baina ya watumishi wawili, na mfano mzuri kuliko yote ni Routemaster, lile basi jekundu la ghorofa la London lililoanza kubeba abiria Februari 1956. Dereva wake alikaa peke yake mbele, katika kichumba chembamba ubavuni mwa injini, chenye mlango wake wa nje. Hapakuwa na njia ya kupita kutoka kwa abiria hadi kwake. Kondakta alikuwa nyuma, karibu na ngazi na pale palipokuwa wazi bila mlango, ambapo watu walipandia na kushukia. Watu hawa wawili waliendesha gari moja zamu nzima bila kusemezana likiwa safarini. Kilichowaunganisha kilikuwa kamba iliyopita darini, ghorofa ya chini. Ukiivuta, mlio unasikika kwa dereva. Ghorofa ya juu kulikuwa na vitufe vya kubonyeza.

Milio hiyo ilikuwa na kanuni, na wafanyakazi wa mabasi wa Uingereza waliijua kama wanavyojua majina yao. Mlio mmoja: simama kituo kinachofuata. Miwili: ondoka. Mitatu: gari limejaa, usisimame kupakia. Minne: kuna hatari, simama. Abiria alikuwa na fungu lake katika mpango huu, nalo ni mlio mmoja tu. Kwenye vitufe vingi iliandikwa kabisa kwamba ubonyeze mara moja. Sababu yake ilikuwa ya uhai na kifo. Abiria akipiga miwili kwa pupa, dereva asiyeona nyuma angedhani kondakta amemruhusu aondoke, naye angeondoka huku mama mwenye mtoto mgongoni ameshusha mguu mmoja. Kwa hiyo "simama" alipewa kila mtu, na "ondoka" akapewa mmoja anayeona mlango. Nimesoma habari za mifumo mingi ya usafiri na sijaona mgawanyo wa madaraka ulio safi kuliko huu.

Mfumo huo haukuuawa na teknolojia. Uliuawa na hesabu za mishahara na uhaba wa watumishi. Mwaka 1966 London Transport ilitangaza mpango wa kupanga upya mabasi yake, na nguzo mojawapo kubwa ya mpango huo ilikuwa kueneza mabasi yenye mtumishi mmoja, dereva akikusanya nauli mwenyewe. Kondakta akaondoka polepole, njia baada ya njia, hadi Desemba 9, 2005, Routemaster za mwisho zilipoondolewa katika huduma ya kawaida kwenye njia namba 159. Pamoja naye ikaondoka milio miwili, mitatu na minne. Ukabaki mlio mmoja, ule wa abiria. Mlango sasa uko mbele ya macho ya dereva au kwenye kioo chake, kwa hiyo "ondoka" hahitaji kuambiwa na mtu. Katika msiba ule wa kondakta kuna faida moja ambayo wachache waliitaja: kengele iliyokuwa ya watumishi ilibaki mikononi mwa abiria peke yao.

Kwetu mambo yalikwenda kinyume kabisa, na hapa ndipo ninapotaka kukaa.

Usafiri rasmi wa mabasi katika miji yetu ulijengwa kwa mfano wa Kiingereza. Kenya Bus Service, KBS, ilianza Nairobi mwaka 1934. Dar es Salaam ilikuwa na Dar es Salaam Motor Transport, DMT, tangu 1949, ikataifishwa 1970, na mwaka 1974 ikazaliwa UDA kwa ajili ya usafiri wa jiji. Dereva, kondakta mwenye mkoba, tiketi, ratiba, vituo vyenye namba: wazee wetu walizikuta taratibu hizo na kuzizoea. Kisha mahitaji yakayazidi mabasi. Nairobi matatu zilikuwa zimekwisha kuota kando ya sheria, na mwaka 1973 Rais Kenyatta akaziruhusu kubeba abiria bila leseni ya usafirishaji. Dar es Salaam UDA ililemewa hata ilipokuwa na yale Ikarus marefu ya Hungaria yanayokunjika katikati, na mwaka 1983 serikali ikaruhusu magari ya watu binafsi. Zikaja pikapu zilizowekewa mabenchi, zikaja chai maharage ambazo abiria walikaa wakitazamana, zikaja Hiace.

Magari hayo hayakuzaliwa kuwa mabasi. Mengine yalikuwa ya mizigo, mengine ya familia. Hayakuwa na kamba wala kitufe, na hakuna aliyefikiria kuviweka. Lakini kazi ilihitaji mawasiliano, na vijana wa mlangoni wakatumia kilichokuwepo, yaani kiganja na bati. Kofi moja ubavuni mwa gari, simama. Makofi mawili, ondoka. Nairobi makanga, konda wa huko, akachukua sarafu na kugonga chuma au kioo, na mlio wake mkali unapenya hata muziki wa nganya, yaani matatu iliyorembwa. Ni kanuni ileile ya London, mlio mmoja na milio miwili, na siamini kwamba ililingana hivi kwa bahati tu. Walioanza kazi hiyo walikuwa wamekua wakipanda mabasi ya KBS na ya DMT, wakiwasikiliza makondakta.

Nawaheshimu sana kwa ubunifu huo. Konda hodari akiwa mlangoni anaongoza gari la tani kadhaa kwa kiganja chake. Anajua kofi la kusimama na kofi la kupunguza mwendo, na dereva anamtofautisha kwa kusikia tu. Lakini tazama kilichoachwa njiani. Katika kanuni ya zamani "simama" alipewa kila mtu. Katika kanuni ya kiganja, "simama" na "ondoka" vyote viwili ni vya konda. Abiria hana tena mlio wake. Anaomba kwa mdomo, na anayemwomba ndiye anayeamua kama ombi litamfikia dereva. Siku konda ana haraka ya kuwahi abiria wa kituo cha mbele kabla gari la nyuma halijampita, ombi linabaki mlangoni. Kwa miaka zaidi ya 40 tumelizoea jambo hili mpaka tunadhani ni tabia ya nchi, kumbe ni upungufu wa gari.

Watu wa pwani tuna adabu ya hodi. Mtu hubisha mara tatu, na asipojibiwa hurudi alikotoka bila kinyongo. Abiria anabisha hodi akiwa ndani, na asipojibiwa hana pa kurudi; anazidi kupelekwa mbele.

Kengele ndiyo hodi ya abiria, na ndiyo maana swali la mlio wenyewe, uwe wa namna gani, si swali la mapambo. Kengele ya zamani ilikuwa nyundo ndogo inayopiga kikombe cha chuma. Mlio wake huanza ghafla, kwa kishindo kidogo, kisha hufifia, na ndani yake mna sauti nyingi kwa pamoja, nzito na nyembamba. Sikio la binadamu hupenda sauti ya aina hiyo kwa sababu ni rahisi kuitambua ilikotokea, na kelele ikizifunika baadhi ya sauti zake, nyingine bado hufika. Baadaye kikaja king'ora kidogo cha umeme chenye mngurumo mkavu, kisha vidude vya kielektroniki vinavyotoa mlio mmoja mwembamba na mkali. Hivi vya mwisho ni rahisi kutengeneza na havichakai upesi. Lakini uzee unapoanza kulila sikio, huanza na sauti nyembamba, na vidude hivyo hulia hasa huko juu. Mzee anaweza kumsikia jirani yake akisimulia habari za mazishi, na asiusikie mlio ambao mjukuu wake anaulalamikia kwamba unamtoboa masikio. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2021, lilisema zaidi ya watu bilioni 1.5 duniani wana upungufu wa kusikia wa kiwango fulani. Kundi kubwa hivyo haliwezi kuitwa la pembeni. Yupo mmoja wao katika kila Coaster iliyojaa.

Kuna badiliko jingine la kisasa ambalo watengenezaji hulihesabu kuwa maendeleo, nami naliona ni hatua moja mbele na nusu nyuma. Kwenye kamba ya zamani, kila aliyevuta alisikia mlio wake. Katika mabasi mengi ya sasa, wa kwanza akibonyeza, mlio unalia na taa ya "basi litasimama" inawaka mbele. Wa pili na wa tatu wakibonyeza, hakuna kinacholia hadi milango ifunguliwe na mfumo kuanza upya. Nia ni njema, kumpunguzia dereva kelele, na anayeona anainua macho, anaiona taa na kutulia. Asiyeona je? Anabonyeza, kimya. Hajui kama kengele ni mbovu, au amebonyeza msumari wa kiti, au mwenzake alimtangulia. Anabonyeza tena, kimya. Mwishowe anauliza kwa sauti, na tumerudi kulekule kwenye koo. Kumponya ni rahisi mno: kitufe chenyewe kitoe mlio mdogo au mtikisiko chini ya kidole kila kinapobonyezwa, hata kama kengele ya dereva imekwisha kulia. Dereva asisumbuliwe mara kumi, lakini kila mkono upewe jibu.

Sauti ya mtu iliyorekodiwa ni msaada mkubwa pia, ikitumiwa vizuri. London ilikamilisha mwaka 2009 kuweka katika mabasi yake yote mfumo wa kutangaza kituo kinachofuata kwa sauti na kwa maandishi. Kwa asiyeona, na kwa mgeni, tangazo hilo ndilo linaloipa kengele maana. Kitufe hakikusaidii kama hujui ulipo. Lakini mwaka 2018 jiji hilohilo lilijaribu tangazo jingine la kuwatahadharisha abiria washike vizuri kwa kuwa basi linakaribia kuondoka. Likawa linasikika wakati basi limekwisha kuondoka, watu wakalalamika, na maneno yakabidi yabadilishwe. Sauti ya ndani ya basi inapimwa kwa sekunde. Kengele inayolia baada ya kituo kupita inamwambia dereva jambo ambalo hawezi tena kulitimiza.

Wenzetu waliolichukulia suala hili kwa uzito waliliandika katika kanuni, hadi kwenye sentimita. Marekani, baada ya sheria ya mwaka 1990 ya haki za watu wenye ulemavu, kanuni za usafiri ziliagiza kwamba basi refu kuliko futi 22 linaloshusha watu katika vituo mbalimbali liwe na kitufe karibu na mahali pa kiti cha magurudumu. Kitufe hicho kisiwe juu zaidi ya inchi 48 kutoka sakafuni, karibu sentimita 122, wala chini ya inchi 15. Kiweze kutumiwa kwa mkono mmoja, bila kufinya wala kusokota kifundo cha mkono. Nguvu ya kukibonyeza isizidi niutoni 22, ambayo ni kama uzito wa kilo mbili na robo. Na kikibonyezwa kitoe ishara ya sauti na ya taa, vyote viwili. Aliyeandika kanuni hiyo alimfikiria mtu halisi: mwenye baridi yabisi vidoleni, aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu, mwenye mkono mmoja unaofanya kazi. Nikiisoma huwa naona ni upendo uliovalishwa lugha ya fundi.

Sisi hatukosi msingi wa kisheria. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008, Tanzania mwaka 2009, na kifungu cha 9 cha mkataba huo kinataja usafiri kwa jina. Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Kuna mamlaka za usafiri, LATRA Tanzania na NTSA Kenya, nazo zinajua kutoa masharti kwa gari la abiria. Mwaka 2004 Kenya ilizilazimisha matatu zote kuwa na mikanda, vidhibiti mwendo na mstari wa manjano ubavuni, na nchi nzima ikaona kwamba magari yanaweza kubadilishwa pale serikali inapokaza. Kinachokosekana ni mtu wa kuandika mstari mmoja kuhusu kengele.

Jambo linalonisikitisha zaidi ni kwamba kengele nyingi tunazo tayari, zimekufa. Mabasi madogo ya barabara zetu, Toyota Coaster, Nissan Civilian, Mitsubishi Rosa, mengi yalitoka Japani yakiwa yametumika. Japani ni nchi iliyoanza mapema safari za basi bila kondakta. Osaka walianza mwaka 1951. Kule kitufe cha kuomba kushuka kipo karibu na kila kiti, na ukikibonyeza taa zote za vitufe huwaka pamoja na sauti hutangaza kwamba basi litasimama kituo kijacho. Baadhi ya magari hayo hufika kwetu na vitufe vyake, na herufi za Kijapani pembeni. Nimevibonyeza mara nyingi. Vingine vimepakwa rangi pamoja na nguzo, vingine vimebaki shimo lenye nyaya mbili zilizokatwa na kukunjwa. Fundi aliyeweka spika nne darini ndiye huenda aliyezikata. Gari lilipewa sauti ya kutuimbia, na yetu ikaondolewa.

Mwendokasi wa Dar es Salaam, mfumo wa mabasi yaendayo haraka ulioanza Mei 2016 kwenye barabara za kilomita 20.9 za awamu ya kwanza, umewafanya wengine waamini kwamba kengele imepitwa na wakati, kwa kuwa mabasi yake ya kawaida husimama kila kituo. Sikubaliani. Kwanza, njia za mlisho zinapita barabara za kawaida, ambako kusimama kunategemea kama kuna mtu. Pili, katika basi lililojaa hadi mlangoni, mlio ni taarifa ya kwamba kuna mtu yuko katikati anajisogeza. Unampa dereva sababu ya kuacha milango wazi sekunde nne zaidi, na unawapa waliosimama mlangoni sababu ya kupisha bila kusukumwa. Mtu aliyebebwa kupita kituo chake kwa sababu milango ilifungwa usoni pake anajua thamani ya sekunde hizo.

Mabasi ya umeme yanatupa nafasi nyingine. Nairobi yamekuwa yakibeba abiria tangu 2022, na anayepanda kwa mara ya kwanza hushangazwa na ukimya wake. Kelele ya injini, ambayo ndiyo iliyotulazimisha kupiga mayowe, imeondoka. Ndani ya gari kama hilo kengele haihitaji kuwa kali. Mlio laini wa kikombe cha chuma unatosha, na mzee ausikie. Basi jipya likitengenezwa au kuunganishwa hapa nyumbani, nyaya za kengele zipitishwe mapema, kabla bodi haijafungwa. Baada ya hapo kila kitu kinakuwa kigumu.

Nimesikia hoja dhidi ya jambo hili, na mbili kati yake zinastahili jibu. Ya kwanza ni kwamba kengele itamfukuza konda kazini, kama ilivyotokea London. Historia niliyoieleza inaonyesha kwamba konda wa London aliondolewa na mpango wa kubana gharama. Kengele ilikuwapo miaka yote alipokuwa kazini, na ilimsaidia. Konda wetu ana kazi nyingi ambazo kitufe hakiziwezi: kumpokea bibi furushi, kumkumbusha mgeni kituo, kutatua ugomvi wa chenji, na kusema "ondoka" pale tu mlango ulipo salama. Arudishiwe hiyo "ondoka", abaki nayo peke yake, na "simama" arudishiwe abiria.

Ya pili ni muziki. Nairobi hasa, watu huniuliza kengele itasikikaje ndani ya nganya yenye spika za kutikisa vioo. Kwa kweli haitasikika, kama itaachwa ishindane nazo. Lakini fundi wa umeme wa magari anajua kuunganisha rilei inayoukata muziki kwa sekunde mbili kitufe kinapobonyezwa, na kuwasha taa mbele ya dereva ambayo haizimiki hadi mlango ufunguliwe. Vijana waliozoea kuwasha taa za rangi zinazofuata ngoma hawatashindwa na hilo. Na mtaona, ukimya wa sekunde mbili utakuwa ndio kengele yenyewe, wala hautahitaji koo la mtu.

Watoto wataichezea, wengine husema. Wabonyeze. Mtoto aliyezoea kwamba akibonyeza basi husimama atakua akijua kwamba basi ni la abiria pia.

Kilichobaki ni ukaguzi, kwa sababu sharti lisilokaguliwa hufa kama vile vitufe vya Kijapani. Gari linapopelekwa kukaguliwa kila mwaka, mkaguzi asiishie kwenye breki, matairi na taa. Awashe injini, aifungulie redio kwa sauti ambayo dereva huitumia barabarani, kisha aende akakae kiti cha mwisho kabisa, kile cha watu watano, na abonyeze kitufe mara moja bila kusema neno. Mwenzake akae kwa dereva. Asiposikia mlio na asipoona taa, gari lirudi gereji, na stika isitolewe hadi litakapoletwa tena likiwa na kengele inayolia.